Kabla ya kununua programu, tuulize ramani ipi iko kwa fundi

ILIKUWA mwaka 2019, saa mbili asubuhi, nikiwa bado sijamaliza chai. Mkandarasi wa nyumba moja tuliyoichora, njia ya kwenda Mukono, alinipigia simu kunieleza kwa heshima zote kwamba injinia amekuja kukagua nondo za boriti na anasema nguzo mbili za upande wa nyuma haziko mahali pake. Zege lilikwishakauka. "Mzee, mimi nimefuata ramani yenu," aliniambia. Nilipofika nikaonyeshwa ramani yenyewe. Ilikuwa yetu kweli, ina muhuri wetu na saini yangu. Ila ilikuwa toleo la tatu, na sisi ofisini tulikuwa tumeshafika la tano.

Toleo la tano lilikuwa limetumwa kwa WhatsApp siku kumi kabla, kwa msimamizi wa mafundi. Wasomaji wa Uganda mtakumbuka kwamba tangu Julai 2018 hadi katikati ya mwaka 2021 tulikuwa tukilipa shilingi 200 kwa siku ndipo simu ifungue WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Kijana yule alikuwa hajalipa wiki ile. Kwenye simu yetu ujumbe ulikuwa na alama moja tu ya kijivu, na hakuna mtu ofisini aliyeiangalia tena. Kila mmoja wetu alijua kwamba "ramani imetumwa."

Nguzo zilivunjwa. Gharama tukagawana mimi na mkandarasi, na fungu langu lilimeza faida yote ya kazi ile. Mteja wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekuwa akijenga kwa kiinua mgongo chake, hakutozwa chochote. Lakini alikaa nyumba ya kupanga mwezi mmoja zaidi ya alivyopanga, na kodi ya mwezi ule hakuna aliyemrudishia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hamna kitabu cha kuandika mambo haya?" Swali hilo lilinichoma kuliko matusi.

Nilirudi ofisini nikatangaza kwamba tutanunua programu ya kusimamia miradi. Tulikuwa watu saba: wasanifu majengo watatu, wachoraji wawili, mhasibu wa nusu siku na dada wa mapokezi. Naandika haya kwa sababu naona ofisi nyingi ndogo za wenzetu, Kampala na kwingineko, zinapita njia ile ile niliyopita mimi, na nyingi zinaingia kwa mlango ule ule nilioingilia, yaani mlango wa muuzaji.

Muuzaji alikuja na kompyuta yake, akaunganisha kwenye ukuta, akatuonyesha mradi wa mfano. Ulipendeza sana. Kazi zilikuwa vijikadi vya rangi, vinasogea kutoka kushoto kwenda kulia: ya kufanya, inafanyika, imekwisha. Kulikuwa na duara linaloonyesha asilimia, na picha ndogo ya kila mfanyakazi. Nililipa ya mwaka mzima papo hapo. Baada ya miezi mitatu mtu pekee aliyekuwa akiifungua ni dada wa mapokezi, naye ni kwa sababu nilimwagiza. Mimi mwenyewe, niliyelipa, nilikuwa nimesahau neno la siri.

Nilidhani vijana ni wavivu. Nilikuwa nawasingizia. Programu nyingi za aina ile zilibuniwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza programu nyingine au matangazo ya biashara, ambako kazi ikishasogea kulia kwa kawaida hairudi. Kazi ya msanifu majengo inarudi. Mteja anakubali mpango wa vyumba, unampelekea injinia anapiga hesabu za nguzo, mkadiriaji anaweka bei, kisha mteja anakuja na shemeji yake kutoka ng'ambo na chumba cha wageni kinahamia chini. Hapo kadi zote zilizokuwa "zimekwisha" zinafufuka, na kila moja ina mtu wa nje ya ofisi ambaye tayari anashikilia karatasi ya zamani. Vijana wetu walikuwa wanasogeza kadi kumridhisha bosi, huku kazi yenyewe wakiifanyia kwingine.

Upande wa pili wako wale wanaosema tununue ile kubwa. Nakumbuka mwenzangu mmoja alinishauri Primavera, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2008, kwa hoja kwamba ndiyo wanayotumia wakubwa. Ni kweli wakubwa wanaitumia. Ukijenga bwawa la umeme au kiwanda cha kusafisha mafuta, ukawa na maelfu ya shughuli zinazotegemeana na kila siku ya kuchelewa ina faini yake, unahitaji chombo cha namna hiyo na mtu wa kukaa nacho kutwa. Hata Microsoft Project, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1984, kiini chake ni ile michoro ya mistari iliyopewa jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeieneza zaidi ya miaka mia moja iliyopita ili kupanga kazi viwandani. Mkandarasi inamfaa. Ofisi ya watu saba haijachelewa kwa sababu haijui shughuli ipi inatangulia ipi. Imechelewa kwa sababu mteja hajajibu barua tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyeandika mahali popote kwamba jibu linasubiriwa.

Basi nini hasa kinatuumiza? Ilinichukua muda kulijibu swali hili, na nililijibu kwa daftari la shule la kurasa 96. Kwa miezi mitatu nilimwomba kila mtu aandike jioni mambo mawili: leo umefanya kazi ya mradi gani kwa saa ngapi, na leo umemtumia nani ramani gani. Nikaahidi kwamba sitamgombeza mtu kwa atakachoandika. Ahadi hiyo ni muhimu kuliko daftari.

Saa zilinishangaza. Malipo yetu huja kwa hatua: mchoro wa awali, michoro ya kuombea kibali, michoro ya kina, zabuni, kisha usimamizi wa ujenzi. Nilikuwa naamini hasara iko kwenye michoro ya kina, kwa kuwa ndiyo inayotuweka ofisini usiku. Daftari lilisema vingine. Nyumba moja ya vyumba vinne huko Kira ilikuwa imekula saa nyingi kuliko ghorofa la maduka, karibu zote katika hatua ya mwisho, ambayo tulikuwa tumeitoza pesa kidogo kwa kuwa mwenye nyumba ni rafiki. Kila Jumamosi tulikuwa pale "kuangalia tu." Hakuna programu duniani ambayo ingeniambia hayo bila mtu kuandika saa zake, na programu tuliyoinunua haikuwa hata na mahali pa kuziandika dhidi ya malipo ya kila hatua.

Kuhusu ramani, daftari lilionyesha jambo baya zaidi. Tulikuwa tunatoa ramani kwa njia nne tofauti: barua pepe, WhatsApp, flashi, na karatasi mkononi. Kila mtu alikuwa na njia yake na orodha yake, au hakuwa na orodha. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka jengo lifuate michoro iliyoidhinishwa. Sasa kama ofisi yenyewe iliyochora haiwezi kusema kwa hakika ni karatasi ipi iko mikononi mwa fundi, mkaguzi akija tutamweleza nini?

Yupo mzee mmoja katika fani yetu, nilifanya kazi kwake nikiwa kijana, ambaye alikuwa na daftari jeusi la jalada gumu. Kila ramani iliyotoka mlangoni iliandikwa: namba, toleo, tarehe, aliyepewa, saini ya aliyepokea. Ukienda kuchukua toleo jipya bila kurudisha la zamani, hupewi. Alilichana la zamani mbele yako. Tulikuwa tunamcheka. Leo nasema wazi kwamba mfumo wake ulikuwa bora kuliko programu niliyoinunua kwa dola. Lakini nisimsifu kupita kiasi, kwani alipougua miezi miwili daftari lilikuwa nyumbani kwake, mwandiko wake haukusomeka na mtu mwingine, na miradi mitatu ilisimama. Daftari moja lina msomaji mmoja. Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia, na kwa maoni yangu ofisi ndogo ianze kuinunua kwa sababu hiyo: kazi ya daftari jeusi ionekane na watu wote saba kwa wakati mmoja.

Ukilitazama hivyo, mazungumzo na muuzaji yanabadilika kabisa. Unamwambia azime mradi wake wa mfano. Unamkabidhi mradi wako mmoja halisi, wenye fujo zake, na kumwomba akuonyeshe mambo matatu. La kwanza, ramani namba fulani imefikia toleo gani, nani anayo, na nani amethibitisha kuipokea. La pili, saa zilizotumika katika hatua fulani ukilinganisha na pesa tuliyokubaliana. La tatu, maswali yote yanayosubiri jibu, na jibu liko kwa nani. Akishindwa moja kati ya hayo, rangi zake nzuri zisikushawishi. Mimi nimewajaribu wauzaji wanne kwa namna hii, na wawili walianza kunieleza habari za akili bandia.

Angalia pia majina ya hatua. Baadhi ya programu zilizotengenezwa mahususi kwa wasanifu majengo ni za Marekani, na hatua zake zimekuja zimegawanywa kwa desturi ya huko. Sisi wengi tumelelewa katika mapokeo ya Uingereza, ya ule mpango wa kazi wa RIBA uliotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kupangwa upya mwaka 2013 kuwa hatua kuanzia sifuri hadi saba. Kama programu haikubali kubadilishwa majina na idadi ya hatua, ankara zako hazitalingana na mkataba wako, na mhasibu wako atarudi kwenye Excel yake kabla mwezi haujaisha. Hatakwambia. Utagundua mwenyewe.

Bei nayo ipigiwe hesabu ya mwaka, kamwe isiwe ya mwezi. Dola 15 kwa mtu kwa mwezi zinasikika kama si kitu. Watu saba ni dola 105, na kwa mwaka ni dola 1,260, yaani zaidi ya shilingi milioni nne za kwetu, zinazolipwa kwa dola wakati wateja wako wanakulipa kwa shilingi, tena wakipenda. Ongeza bando la intaneti, ambalo tangu Julai 2021 liliwekewa ushuru wa asilimia 12. Halafu uliza: siku nikikosa pesa ya kulipia, data zangu nitazisoma au zitafungwa?

Swali hilo si la woga. Wengi wetu tunakumbuka jinsi Autodesk, ambao AutoCAD yao ndiyo tuliyojifunzia, walivyoacha mwaka 2016 kuuza leseni mpya za kudumu na kutuhamishia kwenye kulipa kila mwaka. Mwaka 2020 kampuni kubwa za wasanifu majengo za Uingereza, ikiwamo ya Zaha Hadid, ziliwaandikia barua ya wazi kulalamikia gharama za Revit na kudorora kwa maendeleo yake. Ikiwa kampuni kama hizo zinalazimika kulalamika hadharani ndipo zisikike, ofisi ya watu saba ya Ntinda itasikika na nani? Programu nazo hufa. Wunderlist, iliyokuwa ikipendwa na watu wengi kwa kuorodhesha kazi, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa Mei 2020. Microsoft hao hao walitangaza mwaka 2025 kwamba Project Online itafikia mwisho tarehe 30 Septemba 2026. Jengo linaishi miaka hamsini na zaidi. Kumbukumbu zake haziwezi kukaa mahali panapoweza kufungwa kwa tangazo la mwaka mmoja.

Nilijifunza hili kwa vitendo Januari 2021. Jioni ya Jumatano tarehe 13, kesho yake tukiwa na uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Ijumaa tarehe 15 mkandarasi mmoja alinipigia, maana simu za sauti zilikuwa zikifanya kazi, akitaka orodha ya nondo za ngazi ili aagize mapema kabla bei haijapanda. Orodha ilikuwepo. Ilikuwa kwenye seva, katika nchi ambayo sijawahi kufika, ndani ya programu ambayo bila intaneti haikufungua hata ukurasa wa kwanza. Nilikaa mezani na mashine tatu za kisasa na sikuweza kumsomea mtu kipenyo cha nondo. Wale wanaosema WhatsApp inatosha wakumbuke pia kwamba siku ya uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii ilizuiwa pamoja na huduma za pesa kwa simu. Tunaoishi huku tunajua kwamba siku kama hizo zipo, na umeme kukatika hata hatuuhesabu.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza limekuwa hili: kila Ijumaa jioni programu itoe orodha yote ya ramani, saa na maswali katika faili ambalo Excel inaweza kulifungua, na faili hilo pamoja na ramani zenyewe zikae kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye diski moja nyumbani kwangu. Programu isiyoweza kutoa faili hilo sinunui, hata ikitolewa bure. Zipo za bure zinazofaa, nisiwanyime haki: GanttProject na ProjectLibre zinakaa kwenye kompyuta yako na hazimdai mtu dola, ingawa kwa daftari la ramani hazikutengenezwa. Kwa ofisi nyingi za watu watatu au wanne nadhani jedwali moja la Excel, lenye mwenyewe mmoja anayejulikana, linatosha kwa miaka miwili ya mwanzo. Kinachoharibu ni majedwali manne.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni fundi. Hataingia kwenye programu yetu. Hana neno la siri, hana muda, simu yake imepasuka kioo na imejaa picha za harusi. Hata programu iwe nzuri vipi, hatua ya mwisho kati ya ofisi na zege ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa mbao chini ya mabati. Sisi tumeamua kwamba kwenye kila eneo la ujenzi kuna ubao mmoja wenye orodha ya ramani na toleo linalotumika, kwa wino mwekundu, na kijana wetu anayekwenda pale huchukua ya zamani mkononi na kurudi nayo ofisini. Asiporudi nayo, kwenye programu toleo jipya linabaki "halijapokelewa." Vijana walinung'unika mwanzoni. Sasa wanadaiana wenyewe kwa wenyewe.

Bosi naye aandike saa zake. Hili nimelikwepa miaka miwili kwa kisingizio kwamba kazi yangu ni kutafuta wateja. Nilipoanza kuandika, wengine wote walianza kuandika vizuri ndani ya wiki moja, nami nikaona aibu kugundua nilikuwa natumia asubuhi tatu kwa wiki kutafuta barua pepe za zamani.

Ombi langu kwa chama chetu cha wasanifu majengo hapa Uganda ni dogo. Tunakutana kwa semina za vioo, rangi na vigae, zinazodhaminiwa na wauzaji wa vioo, rangi na vigae. Tutenge jioni moja ofisi ndogo zionyeshane madaftari yao bila muuzaji chumbani: nani anatumia nini, ameacha nini, amelipa kiasi gani, na siku alipotaka kuondoka aliruhusiwa kuondoka na nini. Ofisi ishirini zikienda kwa muuzaji pamoja, zitasikilizwa kuhusu bei kuliko mimi niliyekwenda peke yangu na kulipa ya mwaka mzima kwa kuvutiwa na duara la rangi. Najua wapo watakaosema hizo ni siri za biashara. Saa ulizopoteza Jumamosi kwa rafiki yako si siri, sote tumezipoteza.

Mkataba wa programu tunayotumia sasa unakwisha mwezi ujao, na muuzaji ameshapiga simu mara mbili kunikumbusha. Nimemwambia dada wa mapokezi, ambaye siku hizi ndiye mtunza kumbukumbu wetu na mshahara wake umebadilika ipasavyo, atoe data zote za mwaka kwanza, azifungue kwenye kompyuta isiyo na intaneti, na anitafutie humo toleo la mwisho la ramani ya msingi ya nyumba ya mama mwalimu. Akilipata, nitalipa.